Mgeni Aliyekuja Kufunza: Deni la Mwalimu wa Kigeni, Kisauni na Rabai, 1844–1891

1.0 Utangulizi

Wahenga wa pwani wametuachia kauli mbili mashuhuri juu ya mgeni. Ya kwanza humkaribisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili humwekea mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu kauli hizi husomwa kana kwamba zinapingana, ilhali zinakubaliana katika jambo moja la msingi. Ugeni ni hali ya muda, na anayekaa katika nchi ya watu hana budi kuingia katika kazi za nchi hiyo. Swali linalozuka ni hili: itakuwaje iwapo mgeni amekuja akidai kwamba jembe analo tayari, na kwamba yeye ndiye atakayewafunza wenyeji kulima?

Hapa ndipo hali ya mwalimu wa kigeni inapotofautiana na ile ya baharia au mfanyabiashara. Mfanyabiashara akizoea joto, maji, chakula na salamu, amekwisha kuzoea. Mwalimu hawezi kutosheka na hayo, kwa kuwa kazi yake imejengwa juu ya dai kwamba anajua jambo ambalo mwenyeji halijui. Kila siku anayoishi ugenini dai hilo hujaribiwa: hajui njia, hajui bei, hajui amwamkie nani na vipi. Makala haya yanachunguza maana ya kimaadili ya mgongano huo kwa kurejelea walimu wa kimisionari walioishi Mombasa, Kisauni na Rabai katika karne ya kumi na tisa. Hoja kuu ni kwamba kuzoea maisha ya ugenini si wema kwa nafsi yake. Huwa wema pale tu mgeni anapokubali kuwa na deni kwa wenyeji, na deni hilo likabadili mwenendo wake.

2.0 Krapf: Msiba na Mafunzo

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana la CMS, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Katika barua zake Krapf alilifasiri kaburi hilo kuwa ishara kwamba shirika lake limeanza mapambano yake katika sehemu hii ya dunia. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa namna anavyojiliwaza msibani. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona kilichotendeka katika fasiri hiyo: ardhi ya watu wengine, yenye majina na makaburi ya wenyewe, imegeuzwa kuwa jukwaa la hadithi ya mgeni. Huo ni uvumilivu mkubwa, lakini bado si kuzoea. Mtu anaweza kuivumilia nchi kwa miaka mingi bila kuiacha imwambie lolote.

Upande wa pili wa Krapf unaonekana katika kazi yake ya lugha. Mwezi Juni 1844, kabla ya msiba huo, alikuwa ameanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Tukio hili linastahili kutafakariwa. Mwanachuoni wa Kiislamu alikubali kuketi na mgeni wa dini nyingine na kumpa maneno ya kuielezea imani ambayo yeye kadhi hakuifuata. Katika kikao hicho mwalimu alikuwa kadhi, naye mmisionari alikuwa mwanafunzi. Kamusi kubwa ya Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ina mizizi katika vikao vya namna hiyo. Hata hivyo, jina lililodumu katika historia ya isimu ya Kiswahili ni la mwanafunzi kuliko la mwalimu wake.

3.0 Taylor: Kanzu na Dhamira

Kisa cha William Ernest Taylor kinaleta utata zaidi. Taylor, naye wa CMS, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1880. Kwa kipimo chochote cha nje, alizoea kuliko wenzake wote. Alivaa mavazi ya Kiswahili, alikimudu Kimvita kwa kina, na mwaka 1891 alichapisha mkusanyo wa mamia ya methali za Waswahili, pamoja na msamiati wa Kigiryama. Mwalimu wake mkuu katika ushairi alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Kwa msaada wa Sikujua, tungo za Muyaka bin Haji zilizokuwa katika vinywa vya watu zilikusanywa na kuandikwa. Ndizo zilizomwezesha William Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na bila kazi hiyo hata uchunguzi wa M. H. Abdulaziz wa mwaka 1979 ungekosa sehemu kubwa ya msingi wake.

Lakini Taylor huyohuyo alihubiri hadharani mjini ili awageuze imani watu aliojifunza kwao. Je, kanzu yake ilikuwa heshima au ilikuwa hila? Yawezekana mtu akajibu kwamba dhamira haina uzito madhali matunda ni mema: Muyaka amehifadhiwa, yatosha. Jibu hili lina nguvu, ila linachanganya mambo mawili. Faida iliyopatikana kwa fasihi ni jambo moja, na uhusiano kati ya watu wawili walioketi pamoja ni jambo jingine. Faida haiwezi kuuhalalisha uhusiano, kama vile mavuno mema hayathibitishi kwamba shamba lilipatikana kwa haki. Kwa upande wa pili, si haki kudai kwamba kila anayejifunza utamaduni akiwa na lengo lake mwenyewe ni mnafiki. Taylor alimtambua Sikujua kuwa bingwa, na hakulificha jina lake. Alilipa sehemu ya deni. Sehemu ambayo hakuweza kuilipa ni ile ya kukubali kwamba elimu aliyoipokea ingeweza kulitia shaka somo alilokuja kulifunza. Alijifunza kila kitu cha wenyeji isipokuwa uwezekano kwamba wao ndio wenye hoja.

4.0 Jones: Mgeni Katika Bara Lake

Kundi la tatu lina hali ya pekee. William Jones na Ishmael Semler walikuwa Waafrika walionyakuliwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, wakaokolewa na kulelewa katika kituo cha wamisionari huko Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1864 waliletwa Rabai kumsaidia Johannes Rebmann. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1875, Frere Town ilipoanzishwa Kisauni kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wenzao wengi wa Nasik walikuwa miongoni mwa walimu na mafundi wake. Kengele ya mji huo ndiyo iliyoiachia Kengeleni jina lake.

Watu hawa walikuwa wageni mara mbili. Kwa wenyeji, walikuwa watu wa Wazungu, wenye mavazi na lugha za mbali. Kwa wamisionari wa Kizungu, walikuwa wasaidizi, na tofauti za mishahara na hadhi ziliwaletea malalamiko ya muda mrefu. Jones na Semler walipewa ushemasi mwaka 1885 tu, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kazi.

Katika hali hiyo, kuzoea kwa Jones hakukuwa suala la kanzu wala la methali. Watoro waliokimbia mashamba ya mabwana wa pwani walikusanyika Rabai, na sera ya shirika lake ilikuwa kutowapokea. Jones aliwaacha wakae. Jambo hili lilihatarisha kituo chake, likawaudhi wakubwa wake na kuwakasirisha wenye watumwa. Mzozo huo ulitatuliwa mwanzoni mwa mwaka 1889, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipolipa fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400. Hapa mwalimu mgeni amelishika jembe: ameingia katika taabu ya nchi na kukubali gharama yake. Aliiona taabu hiyo kwa kuwa naye aliwahi kuwa mateka.

5.0 Mwalimu na Kipimo cha Lugha

Suala hili halikuishia na wamisionari. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kuanzia hapo, mtoto wa Kisauni au Likoni angeweza kusahihishwa darasani kwa kusema kama alivyosema Muyaka. Sababu za kiutawala za uamuzi huo zinafahamika, na faida za lugha moja ya shule ni dhahiri. Hata hivyo, kimaadili ni geuzo la ajabu: mwenyeji amefanywa mgeni katika lugha yake, naye mgeni ndiye mwenye kipimo. Mwalimu yeyote atokaye mbali, awe wa Ulaya au wa bara ya Kenya, akipangiwa shule ya Changamwe au Likoni huingia katika geuzo hilo hata asipolitaka. Mkononi ana kalamu nyekundu, na mbele yake wamo watoto wanaojua lugha asiyoijua.

6.0 Hitimisho

Visa hivi vinaonyesha kwamba maneno tunayoyatumia kwa wepesi, yaani kuvumilia, kuzoea na kujifunza, hayatajwi kwa uzito mmoja. Krapf alivumilia na kujifunza. Taylor alizoea na kujifunza zaidi. Jones, ambaye hakuacha kamusi wala diwani, alifungamana na watu. Historia ya fasihi imewakumbuka wawili wa kwanza kwa kuwa waliacha vitabu, na bila shaka inawawia shukrani. Lakini uhakiki unaojali maadili hauna budi kuuliza pia kuhusu waliokaa upande wa pili wa jamvi, akina Sheikh Ali na Sikujua. Cheo cha mwalimu kilikuwa chao kabla hakijachukuliwa na mgeni, na kazi zao zinapotajwa chini ya majina ya wanafunzi wao, deni lingali halijalipwa.