Je, Ni Kosa Kufanya Kazi kwa Jina la Mtu Mwingine?

Leo tunawaletea swali lililotushinda kulimaliza kwa jioni moja katika baraza la wazee.

Mnamfahamu kijana wetu aliyesomea kompyuta. Ada yake ililipwa na DAFI, ule msaada wa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani, chini ya UNHCR. Kompyuta yake tuliinunua sisi wenyewe, kwa sadaka, magunia ya mahindi na mbuzi mmoja. Alipohitimu, vigelegele vilisikika Nakivale nzima. Sasa ni mwaka wa pili. Kila Jumapili tulikuwa tunamuuliza mlangoni: "Umepata kazi?" Mwishowe akawa anaingia ibada ikiwa imekwisha kuanza, na kutoka kabla ya tangazo la mwisho. Tulidhani ni kiburi cha wasomi. Kumbe alikuwa anakimbia swali letu.

Ametuma maombi zaidi ya mia moja ya kuandika programu. Wengi hawajibu. Wanaojibu wanataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu, hata kwa kazi ya mtu anayeanza. Sheria si kikwazo, maana Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu kufanya kazi. Lakini majira ni mabaya. Novemba 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, walitangaza kuachisha kazi watu 11,000. Januari 2023 Google wakatangaza 12,000. Watu wenye uzoefu wamerudi kupanga foleni pamoja na watoto wetu. Na baadhi ya zile kazi ndogondogo alizokuwa akipewa mwanafunzi ili ajifunze, leo zinafanywa na programu za akili bandia.

Ndipo mtu mmoja wa mjini akamletea njia. Mtu huyo ana akaunti katika soko la kazi la intaneti, yenye jina lake, picha yake na sifa alizopewa na wateja wa ng'ambo. Kijana afanye kazi, yeye apokee malipo na kukata thelathini kwa mia. Mteja hatajua. Kijana wetu hakuificha habari hiyo. Alikuja barazani akasema, "Wazee wangu, nyumbani hakuna unga. Nikikubali, nitakuwa mwizi?"

Tusisahau hali ilivyo. Mwaka 2025 Mpango wa Chakula Duniani ulilazimika kuwaondoa wakimbizi wapata milioni moja hapa Uganda kwenye msaada wa chakula. Nyumba yao ilikuwamo.

Mzee mmoja alisema hakuna aliyeibiwa: mikono ni ya kijana, na mteja atapata alicholipia. Mwingine akatukumbusha jambo tusilopenda kulitaja, kwamba baadhi yetu tulivuka vizuizi vya barabarani kwa kadi za watu wengine, kwa sababu majina yetu yangetuua. Nani kati yetu atamhukumu mtoto? Tukanyamaza. Kisha mama mmoja, ambaye si msemaji, akasema: "Pale kizuizini aliyeuliza jina langu alitaka kuniua. Huyu mteja anauliza jina ili ajue amwamini nani. Si swali moja."

Maneno yake yalitugeuza. Tukamkumbuka Yakobo, aliyejibu kwa baba yake kwa jina la Esau. Baraka aliipata, na palepale akawa mkimbizi. Kwa Labani alikaa miaka 20, akapewa Lea gizani akidhani ni Raheli, na mshahara wake ukabadilishwa mara kwa mara. Na usiku ule wa Yaboki, kabla ya kubarikiwa aliulizwa jina lake, na safari hii akataja la kwake.

Tukaona pia kwamba kijana angejiibia mwenyewe. Uzoefu anaodaiwa ni nini, kama si mtu wa kusema, "Nilimwona akifanya kazi"? Angefanya miaka miwili, na ushuhuda wote ungekuwa wa mwingine. Angebaki mtu asiye na uzoefu, mwenye macho yaliyochoka.

Tukamwambia asikubali. Hakubishana, akasema tu, "Nimesikia, baba zangu," akaondoka. Hilo lilituuma zaidi, kwa maana wengi wetu tulikuwa tumekula jioni ile. Anayemkataza mwenye njaa lazima atie mkono mfukoni mwake.

Kanisa lina madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi, mengine yameliwa na mchwa. Waliohamia Marekani na Kanada wanatuomba vyeti, na katibu wetu hutafuta siku nzima. Basi tumempa kijana kazi ya kutengeneza programu ya majina hayo, kwa shilingi 10,000 kwa juma. Ni kidogo mno, tunakiri. Wengine wameuliza kama hiyo ni kazi au ni sadaka iliyovikwa nguo za kazi. Sisi tuliona katibu akimrudisha mara tatu kwa sababu programu ilikataa jina linaloandikwa kwa namna mbili. Sadaka hairudishwi mara tatu.

Barua ya kushuhudia kazi yake, yenye jina lake halisi, imetiwa sahihi na mchungaji na katibu. Ameiambatanisha na maombi aliyotuma juma lililopita. Hajajibiwa bado.

Ukikutana naye mlangoni Jumapili hii, usimuulize kama amepata kazi. Mpelekee kadi yako ya ubatizo, maana daftari la 2009 halisomeki tena, na anahitaji majina.