WAZAZI WAWILI KAZINI: NANI ANABAKI NA AMANA?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.



Baba anatoka alfajiri, mama anatoka saa moja na biashara yake kichwani, wote wanarudi giza limeingia. Je, hao ni wazazi wema?

Usiharakishe kujibu. Wako wanaosema kosa ni la mama kwenda sokoni. Wamesahau kwamba Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (s.a.w.) alisafiri na mali yake hadi Sham. Tena tunajua namna mishahara inavyochelewa katika Kongo yetu. Mara nyingi pesa ya mama ndiyo inanunua unga na sombe. Katika sheria yetu, matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Mke akitoa chake, ni sadaka, na Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba ina thawabu mbili: ya sadaka na ya kuunga jamaa.

Basi kosa liko wapi? Chuoni kwetu kuna binti wa miaka 11. Alikuwa anachelewa kila siku, nami nikamgombeza mbele ya wenzake. Siku moja akaja amebeba mdogo wake mgongoni. Nikamwuliza, "Mama yuko wapi?"

"Sokoni, shehe."

"Na papa?"

"Kazini. Mimi ndiye ninabaki na watoto."

Niliona haya. Mwaka uliotangulia alihifadhi sura tano, mwaka ule hata moja hakuongeza. Nikamwomba radhi, kisha nikaenda kwa wazazi wake. Baba hakujua binti yake amefika sura gani.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya kundi lake. Alimtaja mwanamume, akamtaja na mwanamke. Hakumtaja binti wa miaka 11. Na katika Surat At-Tahrim, aya ya 6, tumeamrishwa kujikinga sisi na watu wetu na moto. Amri hiyo haitumwi kwa mtoto.

Tufanye nini?

Kwanza, baba, saidia nyumbani. Bibi Aisha (r.a.) alieleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wake nyumbani, na wakati wa swala ukifika alitoka. Wewe unaona haya gani kuteka maji au kuosha mtoto?

Pili, pangeni zamu. Surat Al-Baqara, aya ya 233, inawataka wazazi washauriane hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Itakuwaje malezi ya miaka mingi?

Tatu, jioni kuleni pamoja, simu imezimwa. Mwulize mtoto amesoma nini, umsikilize mpaka amalize.

Nne, yaya mkubwa naye ni mtoto. Mrudishieni saa yake ya chuo.

Wazazi wale walikubaliana: siku tatu kwa juma baba anarudi kabla ya alasiri. Pesa imepungua, hawakuficha. Lakini binti ameanza sura mpya, na baba anaijua jina.

Ee Mola, bariki riziki zetu, utujalie watoto wema, wala usitufanye wenye kupoteza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.