PUMZI NI AMANA



Hewa huingia puani, hushuka kooni, huenea mapafu yote mawili, mpaka vifuko vidogo mamilioni ambamo damu huchukua oksijeni yake. Allah (S.W.) ameweka nywele na ute kuzuia vumbi kubwa, vumbi laini la mawe hupenya na kuacha makovu yasiyopona.

Hapa Kolwezi, mwaka 2014, watu wa Kasulo walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Utafiti wa 2018 uliikuta nyingi katika mkojo wa watoto.

Kutafuta riziki ni ibada. Lakini mtoto hakuchagua mgodi. Yamwagie mawe maji kabla ya kuyaponda. Vua nguo za kazi, oga, ndipo umpakate. Amana hii tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.