Amana ya Kijiti cha Pamba

Kijiti chenye pamba nchani huingizwa puani mwa mtoto, huzungushwa kidogo, kisha hutolewa. Ni kazi ya sekunde chache. Mtoto hulia kana kwamba amenyang'anywa ziwa, mama humfuta, na kijiti huingia kichupani kikisubiri safari ya maabara. Kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi katikati ya 2010, jambo hilo lilirudiwa mara mbili kwa wiki katika kaya 47 za mashambani Kilifi, pwani ya Kenya. Karibu watu 500 walitoa pua zao, wadogo kwa wakubwa, wagonjwa na wazima. Watafiti walitaka kujua ni nani anayemletea mtoto mchanga kirusi cha RSV, kile kinachoanza kama mafua ya kawaida kisha kikashuka kifuani. Jibu lilipotoka, sidhani liliwashangaza sana akina mama: mara nyingi ni kaka na dada zake wanaorudi kutoka shule.

Maabara huviita vitu hivyo sampuli. Mimi naona Kiswahili kina neno zito zaidi, nalo ni amana. Zawadi ukipewa ni yako, ufanye utakavyo. Amana haiwi yako hata ikikaa kwako miaka ishirini; siku yoyote mwenyewe anaweza kubisha hodi akauliza ilipo. Tukisema tunawafunza vijana utafiti wa haki katika afya, basi hilo la kukaa na kitu cha watu ndilo ningelitanguliza, kabla ya takwimu na kabla ya kuandika makala za majarida.

Kirusi chenyewe si cha jana. Kiligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliopatwa na mafua katika maabara moja huko Marekani, na mwaka uliofuata kikaonekana kwa watoto wa Baltimore. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili, awe wa Nairobi, wa Oslo au wa Ganze huko Kilifi. Hakichagui. Uchaguzi hufanyika baadaye: zahanati iko umbali gani, mtungi wa oksijeni una kitu ndani, nauli ya bodaboda saa nane za usiku itatoka wapi, na ni watu wangapi wanaolala chumba kimoja na yule anayekohoa. Makadirio ya mwaka 2019 yanahesabu vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano kutokana na RSV, na zaidi ya 97 katika kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ndani ya makadirio hayo kuna namba nyingine, na hapo ndipo ningemsimamisha mwanafunzi asipite haraka. Waliofia hospitalini ni kama 26,000 tu. Waliobaki, karibu robo tatu, walikata roho nyumbani au njiani, mgongoni mwa mama. Hakuna kijiti kilichowafikia wala faili lililofunguliwa kwa jina lao. Wamo katika hesabu kwa sababu mtu fulani alikubali kuwakadiria. Anayejifunzia wodini peke yake hujifunza ugonjwa wa waliobahatika kufika.

Hata kwa waliofika, chombo kinaweza kusema uongo juu yao. Wengi wetu tulikifahamu wakati wa korona kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha matokeo ya kulinganisha kibanio hicho na vipimo vya damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, upungufu wa oksijeni uliofichika, yaani kibanio kinasema salama na damu inakana, ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa wagonjwa weupe. Mwanga unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauingilia. Si kwamba kuna muuguzi aliyekusudia ubaya. Aliamini namba aliyoiona. Kasoro hii ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka mingi kabla, na bado vifaa viliendelea kuuzwa. Basi kijana afundishwe kukitilia shaka kipimo chake mwenyewe, na aulize kilijaribiwa kwa vidole vya nani.

Kilifi wana uzoefu wa kukaa na amana za watu, mtamu na mchungu. Kituo cha utafiti kilichoanza hapo mwaka 1989 kiko ubavuni mwa hospitali, na watafiti wa kituo hicho hicho waliwahi kuandika kwamba wazazi wengi waliotia sahihi fomu za ridhaa walidhani ni matibabu tu. Uvumi wa damu inayouzwa nao ulizuka. Nawasifu kwa kuyachapisha hayo badala ya kuyafukia. Baadaye wakaweka wawakilishi wanaochaguliwa vijijini, mikutano na majadiliano, na vijana wengi wa Kiafrika wamelelewa hapo hadi uzamivu. Ni mwanzo mzuri. Lakini mkutano chini ya mwembe haumpi mtoto pumzi.

Mwaka 2023 Marekani na Ulaya ziliidhinisha chanjo ya RSV kwa wajawazito, ili mama amkinge mtoto angali tumboni. Wanawake wa Afrika Kusini na Gambia walikuwa miongoni mwa waliojitolea katika majaribio yake. Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa ununuzi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa Machi 2025. Kwa mjamzito aliye mbali na miji yetu, kupitishwa kwenye karatasi si kufika kliniki.

Wewe unayeanza masomo haya mwaka huu, kabla ya kuomba kijiti cha pili, rudi kwa yule mama umweleze cha kwanza kilifika wapi na kimemletea nini. Kama bado hakijamletea chochote, mwambie hivyo hivyo. Watoto wachanga wa zile kaya 47 wamekwisha kutimiza miaka kumi na mitano.