Mandhari na Kujijua

Je, mtu anaweza kujijua akiwa peke yake? Uchoraji wa Katanga, nchini Kongo, unadokeza kwamba hawezi. Mwaka 1926, huko Bukama, Mbelgiji Georges Thiry alivutiwa na michoro ya kuta za nyumba, akawapa Albert Lubaki na mkewe Antoinette karatasi na rangi za maji. Katika picha zao miti, wanyama na watu husimama juu ya karatasi iliyoachwa wazi, bila upeo wa macho. Mtazamaji huamua mwenyewe yuko wapi.

Lakini hatazami peke yake: miaka ya 1970, mjini Lubumbashi, picha za ukumbusho, baadhi zikiwa zimechorwa kwenye magunia ya unga, zilitundikwa sebuleni ili wenyeji na wageni wazizungumzie. Katika mazungumzo hayo ndipo penye uzito. Vivyo hivyo, wanawake wawili wakichora mandhari moja, kila mmoja hana budi kumweleza mwenzake kwa nini mto upite pale, na katika kueleza hugundua alichokuwa akikitazama.

Kazi za Antoinette Lubaki mwenyewe zilionyeshwa Paris mwaka 2015. Anastahili kutajwa kwa jina lake, si kama mke wa mchoraji tu.