Haya Njema na Aibu Isiyo ya Haki

Liko neno moja ambalo katika sharika zetu za Tukuyu na Rungwe nzima husemwa mara nyingi, lakini hufikiriwa mara chache. Ni neno la mavazi ya wanawake. Waalimu wa kipaimara hulisema, wazee wa usharika hulisema, na akina mama huwakumbusha binti zao kabla ya kutoka nyumbani siku ya Jumapili: gauni lishuke chini ya magoti, mabega yafunikwe, kitambaa kiwe kichwani. Hatukusudii kulipinga neno hilo. Ila twataka kuuliza lingine lililo nyuma yake: msichana asikiapo maneno hayo mwaka kwa mwaka, ajifunza nini juu ya mwili wake? Ajifunza kuuheshimu, au ajifunza kuuchukia? Maana mambo haya mawili hufanana kwa nje, lakini kwa ndani yako mbalimbali kabisa.

Lugha yetu ya Kiswahili yatusaidia hapa, kwa kuwa ina maneno mawili: haya na aibu. Haya ni tabia ya mtu ajuaye thamani yake na thamani ya mwenziwe, naye kwa hiyo hujizuia. Aibu ni uchungu wa mtu aliyeonekana na jambo baya. Mwenye haya hana kosa; mwenye aibu amekosa, au amedhaniwa kuwa amekosa. Basi tukimfundisha mtoto haya, twampa heshima. Lakini tukimfundisha kwamba mwili wake wenyewe ni kosa, twamtwika aibu ya jambo asilolitenda. Kwa maana nani aliyejiumba mwenyewe?

Wanafunzi wetu wote hujifunza Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Dr. Martin Luther mwaka 1529. Katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani aeleza kwamba Mungu ndiye aliyetupa mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote; kisha, pasipo kugeuza maneno, ataja pia nguo na viatu. Yafaa mwalimu asimame kidogo hapo. Mwili ni zawadi, na nguo ni zawadi, na mpaji ni mmoja. Nguo haikutolewa ili kuuficha mwili kama mwizi afichavyo mali ya wizi. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho habari za mwili mmoja wenye viungo vingi, alisema kwamba vile viungo tunavyodhani havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Basi kwake yeye kufunika ni namna ya kuheshimu, wala si namna ya kudharau.

Hali kadhalika katika kitabu cha Mwanzo. Mungu aliuona mwili wa mwanadamu kuwa ni chema kabla haijakuwako nguo yo yote. Aibu iliingia baada ya dhambi, nao waliokosa walijishonea majani. Lakini tuangalie yaliyofuata: Mungu aliwafanyia mavazi ya ngozi Adamu na mkewe, wote wawili. Hakumvika mwanamke peke yake, wala hakumwambia mwanamume kwamba yeye hahusiki. Tangu mwanzo mavazi ni huruma ya Mungu kwa mume na mke pamoja.

Labda mtu atasema kwamba haya ililetwa katika nchi hii na Injili, na kwamba watu wa kale hawakuijua. Hivyo sivyo. Wamisioni wa Berlin chini ya Alexander Merensky, na Wamoraviani pia, walifika kwa Wanyakyusa mwaka 1891. Wakati ule nguo za pamba zilikuwa chache. Mwanamke alivaa gome la mti lililopondwa, na pete za shaba zilikuwa pambo la mwili. Mgeni aliyetazama upesi aliweza kusema kwamba watu hawa hawana haya. Lakini Bwana Godfrey Wilson na mkewe Bibi Monica, waliokaa katika nchi yetu kati ya mwaka 1934 na 1938 wakichunguza desturi, waliandika habari nyingine. Waliona kwamba mke wa kijana alimcha baba mkwe kwa desturi iitwayo ukutila, yaani kuogopa na kuheshimu: hakumtazama, hakulitaja jina lake, na alipomwona njiani alijitenga. Baba mkwe naye alifungwa na desturi hiyo hiyo. Hakuingia katika nyumba ya mke wa mwanawe.

Tena, wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi, waliondoka katika kijiji cha baba zao wakaanza kujenga kijiji chao wenyewe na wenzao wa rika moja. Bibi Monica Wilson alieleza kwamba sababu mojawapo ilikuwa kutenga mambo ya ndoa ya wazazi na ya watoto, wasisikilizane wala kuonana. Tufikiri maana yake. Ili kuilinda haya, watu wa kale hawakutosheka na kumwambia msichana ajifunike. Walikubali kuhamisha vijana wa kiume, kujenga nyumba mpya na kupanga vijiji vyao upya. Gharama ya haya iliwafikia wanaume pia.

Hatusemi kwamba mambo ya kale yote yalikuwa mema. Mzigo wa ukutila ulimlemea mwanamke kuliko mwanamume. Yeye ndiye aliyekimbilia migombani na kubadili maneno yake ili asitaje jina la mkwewe. Lakini jambo moja twaweza kujifunza: haya ya nchi hii haikuwa katika urefu wa kitambaa. Ilikuwa katika macho, katika ulimi, katika njia mtu aipitayo. Ilikuwa kazi ya mwenye kuona kama ilivyokuwa kazi ya mwenye kuonwa.

Na hapa ndipo mafundisho yetu ya siku hizi yanapopotea mara nyingine. Msichana huambiwa, "Jifunike, usije ukamwangusha ndugu yako." Maneno haya yana kweli kidogo, maana yatupasa sote kutowakwaza wenzetu. Lakini yakisemwa kwa wasichana peke yao, na kila siku, yanamfundisha kwamba mwili wake ni mtego, na kwamba dhambi ya mwingine imo ndani ya ngozi yake yeye. Bwana Yesu hakufundisha hivyo. Katika mahubiri ya mlimani alisema na mwanamume atazamaye kwa tamaa, akaiweka dhambi moyoni mwa huyo atazamaye, na jicho alilotaka ling'olewe ni la huyo huyo. Katika maelezo ya amri ya sita pia, Luther atutaka sote tuwe safi katika maneno na matendo, na mume na mke wapendane na kuheshimiana. Mwalimu aifundishaye amri hiyo kwa wasichana tu ameifundisha nusu.

Mtu akidhani kwamba kosa hili ni dogo, na akumbuke yaliyotokea wakati haya ilipotiwa mikononi mwa makundi ya watu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana huko Dar es Salaam, kwamba tangu tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kung'arisha ngozi na nguo za kubana zipigwe marufuku. Hata kabla ya siku ile kufika, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katika vituo vya mabasi. Ng'ambo ya mto Songwe, wanakokaa ndugu zetu Wangonde, serikali ya Malawi ya Dr. Banda, aliyewahi kuwa mzee wa kanisa huko Scotland, iliweka sheria mwaka 1973 kwamba mwanamke asivae suruali wala gauni lisilofika magotini. Sheria ile iliondolewa katika miaka ya 1990. Lakini mwezi wa Januari 2012, katika miji ya Lilongwe na Blantyre, wanaume waliwashika wanawake waliovaa suruali, wakawavua nguo barabarani. Tulifikirie jambo hilo: waliosema wanaitetea haya ndio waliomweka mwanamke uchi mbele ya watu. Haya isiyokaa moyoni mwa mwenye kuidai imekwisha kuwa ukatili.

Sharika zetu hazikufanya hayo. Lakini aibu ina njia nyingine za kuumiza, tena za kimya. Twawaona wasichana ambao miili yao ikianza kukua huanza kuinamisha mabega, huacha kukimbia na kucheza, na hujifunga sweta hata siku ya jua kali. Wako wasiohudhuria shule siku za hedhi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni kazi ya Mungu katika mwili, wala si uchafu. Na tatu, ambalo ni zito kuliko yote: wako wanawake wafao kwa ajili ya aibu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi katika Tanzania kuliko saratani nyingine zote, na ya pili ni ya titi. Ile ya kwanza huweza kugunduliwa mapema kwa uchunguzi mfupi, na dalili zake za mwanzo huweza kutibiwa. Tangu mwaka 2018 wasichana wa nchi nzima hupewa chanjo ya kuizuia. Lakini mwanamke aliyefundishwa tangu utoto kwamba sehemu hizo hazitajwi wala hazionwi, atawezaje kumwendea mganga na kusema, "Nina uvimbe hapa"? Atangoja mpaka maumivu yamshinde. Huyo hakufa kwa sababu ya haya. Haya ingalimfundisha kuutunza mwili uliokabidhiwa kwake. Aibu ndiyo iliyomchelewesha.

Wengine watatujibu: "Je, mwataka binti zetu waige kila vazi la mjini?" La, hasha. Ulimwengu nao una mafundisho yake juu ya mwili wa mwanamke, nayo si mepesi. Humwambia kwamba ngozi yake ni nyeusi mno, kwamba kiuno chake ni kinene mno, kwamba apake dawa ya kujichubua, kisha ajipige picha ili watu wamsifu. Ukitazama vema, utaona kwamba mafundisho hayo na yale ya aibu ni ndugu wa tumbo moja. Moja lasema, "Jionyeshe, ndipo utakapokuwa na thamani." La pili lasema, "Jifiche, ndipo utakapokuwa na thamani." Yote mawili yamfanya mwanamke kuwa kitu cha kutazamwa tu, kana kwamba hana mikono ya kazi, hana akili ya kufikiri, hana sauti ya kumwimbia Mungu. Haya ya kweli yamwokoa na yote mawili, kwa kuwa yampa kuusahau mwili wake kwa amani na kuendelea na kazi yake.

Tena na tusome vema maneno ya mtume katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya pili, ambayo twapenda kuyataja. Huanza na wanaume, wasali pasipo hasira wala mabishano. Kisha ageukia wanawake. Na mavazi anayoyakataza kwa majina ni dhahabu na lulu na nguo za thamani. Katika maneno yale hapimi urefu wa gauni. Akemea fahari iliyowaumiza maskini katika kusanyiko. Basi tujiulize kwa kweli: ikiwa kwa kila harusi na kila sikukuu kikundi chachagua sare mpya ya kitenge, na mjane asiye na fedha abaki nyumbani kwa kuona haya, ni nani aliyemkosea mtume? Ni yule msichana mwenye gauni fupi kidogo, au ni sisi wenye sare? Huenda gauni lifikalo miguuni likakosa haya kuliko hilo fupi.

Kwa hiyo twawashauri waalimu na wazee mambo manne.

Kwanza, kila fundisho la mavazi lianze na uumbaji. Msichana na asikie kwanza kwamba mwili wake ni mwema, kisha aambiwe kwamba kitu chema hutunzwa.

Pili, lo lote linalosemwa kwa wasichana juu ya kujifunika, lisemwe kwa wavulana juu ya macho na ulimi, katika darasa lile lile na siku ile ile.

Tatu, mtu akionekana amevaa isivyopasa, mama mmoja mwenye upole na amwendee peke yake baada ya ibada. Asitajwe mbele ya usharika, wala asirudishwe mlangoni. Aliyerudishwa mlangoni hakujifunza haya. Alijifunza kwamba kanisa si nyumba yake.

Nne, akina mama wawaeleze binti zao mambo ya mwili kwa maneno ya wazi na ya heshima, wasiwaachie wayasikie kwa wahuni, na wawapeleke hospitali pasipo kuona soni.

Katika nchi yetu ya mvua nyingi na baridi, kila mama ajua kumfunika mtoto. Hamfuniki kwa kuwa amchukia, wala kwa kuwa sura yake yamchukiza. Amfunika kwa kuwa ampenda, na mtoto ajua hivyo kwa jinsi mikono ya mama inavyomgusa. Binti zetu nao hujua mikono ya kanisa ilivyo inapowafunika. Hujua kama ni mikono ya mama, au ni mikono ya mtu afichaye jambo baya.

Na hilo ndilo tutakaloulizwa siku tutakapotoa hesabu ya watoto tuliokabidhiwa.