Mbegu ya Kitale na Utajiri wa Mataifa

 

Katika darsa zetu suali hili huulizwa mara kwa mara: Kwa nini nchi nyingine zimepata mali na nguvu, na nyingine, na nyingi katika hizo ni za Waislamu, zimebaki nyuma? Kwa nini kazi ya siku moja ya mtu wa nchi ile huzaa matunda ambayo mtu wa nchi hii hayapati kwa kazi ya siku nyingi? Jawabu tulizozoea kuzisikia ni tatu. Wako wasemao kuwa ni kudura ya Mungu, basi maneno yamekwisha. Wako wasemao kuwa ardhi za wale ni njema kuliko zetu. Na wako wasemao, na hawa ndio waumizao zaidi, kuwa wale wameumbwa na bidii nasi tumeumbwa na uvivu. Sisi twaona kuwa jawabu zote tatu hazisimami, na dalili yetu tutaitoa Kitale na Bungoma. Tumezichagua nchi hizo kwa sababu sima tuilayo huku Pwani hutegemea sana mahindi ya bara, na ghala kubwa ya mahindi ya Kenya ni Trans Nzoia, ambayo mji wake ni Kitale. Mtu apaswa kuijua asili ya kilicho sahanini mwake.

Trans Nzoia na Bungoma ni majirani. Zote mbili zimekaa chini ya Mlima Elgon, mto Nzoia wazipitia zote mbili, na mawingu yanyeshayo huku ndiyo yanyeshayo kule. Lakini zamani za utawala wa Kiingereza, upande mmoja ulikuwa wa walowezi wa Kizungu na upande wa pili ulikuwa ni ardhi iliyotengewa wenyeji. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza askari wa Kiingereza waligawiwa mashamba Trans Nzoia. Mwaka 1926 tawi la reli likafikishwa Kitale ili mahindi yao yateremke bandarini Mombasa. Mwaka 1931 ikaanzishwa benki ya kuwakopesha wenye mashamba. Na mwaka 1939 amri ya serikali ikazifunga nyanda zile kabisa kwa asiyekuwa Mzungu. Vilipokuja vita vya pili, katika mwaka 1942, mlowezi aliwekewa bei ya mahindi iliyo juu na yenye dhamana, na Mwafrika akawekewa bei ya chini yake. Mahindi ni yale yale, gunia ni lile lile, na bei ni mbili kwa kutazama rangi ya mkono uliovuna.

Basi msafiri aliyepita huko siku hizo, akaona mashamba makubwa upande huu na vishamba vidogo upande ule, angaliweza kurudi kwao akasema: huyu ana bidii na yule ni mvivu. Wengi walisema hivyo, na wengine wakaviandika vitabu. Hawakuuliza reli imepita kwa nani, wala benki imemfungulia nani mlango. Mtu aliyefungwa mguu halaumiwi kwa kushindwa mbio. Na sisi Waislamu ndio tuliostahiki kuwa wa mwanzo kuliona hili, kwani Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, nayo yaanza kwa kuwaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kamili, na wakiwapimia wenzao hupunguza.

Hiyo ni habari ya dhulma, nayo ni sababu moja ya nchi kupitwa na nchi nyingine. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumejipa udhuru tu, na udhuru haushibishi mtu. Yako yaliyotokea Kitale baadaye, na hayo ndiyo tuyatakayo hasa.

Mwaka 1955 katika kituo cha utafiti cha Kitale, bwana mmoja jina lake Michael Harrison alianza kazi ya kuzaa mbegu mpya ya mahindi. Alikuwa na mahindi meupe yaliyokwisha kuzoea ardhi ile, yakichaguliwa mwaka baada ya mwaka. Kisha akatafuta mbegu ngeni katika bara la Amerika, ambako mahindi ndiko kwao, na miongoni mwa alizoleta ilikuwamo moja ya milima ya Ecuador, isiyokuwa na sifa kubwa ilipopandwa peke yake. Lakini ilipochanganywa na mahindi ya Kitale, mtoto akawapita wazazi wake wote wawili. Mchanganyiko huo ulizidi mavuno ya mbegu bora ya Kitale ya wakati huo kwa kiasi cha asilimia 40, na mwaka 1964 ukatolewa kwa wakulima kwa namba 611. Kampuni ya mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya ng'ombe, ikachukua kazi ya kuizalisha na kuieneza kwa mikono ya wenye maduka madogo vijijini.

Hapa ndipo jawabu ya uvivu ilipovunjika. Wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya, hao hao walioitwa wavivu, waliipokea mbegu hii kwa kasi isiyopungua ile ya wakulima wa Marekani walipoletewa mbegu za namna hii katika miaka ya 1930. Ardhi haikubadilika, mvua haikuongezeka, na watu walikuwa wale wale wenye mikono ile ile. Kilichozidi ni ilimu iliyotiwa ndani ya punje, na duka la karibu la kuiuza.

Tena tazameni, ndugu zetu, ilimu yenyewe ni ya namna gani. Mhindi una uume na uke katika shina moja: kileleni ni mbelewele zenye vumbi la kiume, na ubavuni ni gunzi lenye nywele zinazolipokea vumbi hilo. Wazalishaji wa mbegu hupanda mistari ya aina mbili, kisha mistari ya kike hukatwa mbelewele zake kabla hazijachanua, ili isipate vumbi illa la mistari ya pili. Sasa kumbukeni hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim: Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa Madina wakiipandisha mitende yao, wakitia maua ya kiume katika ya kike, akadhani kuwa haiwafai kitu, wakaacha, na mwaka ule mavuno yakaharibika. Aliposikia aliwaambia kuwa katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Mitende ya Madina na mahindi ya Kitale mlango wake ni mmoja. Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye wahyi ulimteremkia, hakuwaambia wakulima kuwa mavuno ni kudura, bali aliwarudisha kwenye ujuzi wao na majaribio yao. Basi yule mwalimu wa mtaani awaandikiaye watu hirizi wakazifukie shambani, ameipata wapi dini yake?

Wala hatusemi kuwa kudura haipo. Aliyeamini Mungu ameamini kudura. Lakini kudura ni siri ya Mungu katika kazi yake, haikupewa mja iwe ni mto wa kulalia. Ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo huwekwa tawakali.

Labda atasema msomaji: Ikiwa mbegu njema tumeipata tangu mwaka 1964, mbona bado tuko nyuma? Na ni kweli tuko nyuma. Ekari mbili na nusu za mahindi nchini Marekani leo hutoa zaidi ya tani 10, na kiasi hicho hicho cha ardhi nchini Kenya, ukichukua wastani, hakifiki tani 2. Mashamba mazuri ya Kitale hupita wastani huo kwa mbali, lakini hata hayo si mengi yafikayo kule.

Sehemu ya jawabu ni mbolea, barabara, mitambo na fedha, na hayo yajulikana. Sisi twataka kusema juu ya lile lisilosemwa sana, nalo ni amana. Mbegu iliyochanganywa kwa njia hii haina budi kununuliwa upya kila msimu, kwani ukiipanda mavuno yake nguvu hupungua. Na punje ya mbegu njema haitambulikani kwa jicho. Ikipakwa rangi na kutiwa katika mfuko wenye chapa, huijui kweli yake mpaka mahindi yameota, na wakati huo fedha zimekwenda na mvua imepita. Wataalamu walionunua mbegu na mbolea katika masoko ya Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Malaba ulio jirani na Bungoma, walitoa habari yao mwaka 2017: mbolea ilikuwa imepungukiwa na kiasi cha asilimia 30 ya chakula cha mmea kilichopasa kuwamo, na mbegu zilizouzwa kwa jina la mbegu bora, chini ya nusu yake ndiyo iliyokuwa ya kweli. Na huku kwetu Kenya, mwaka 1445 wa Hijra, yaani 2024, ilidhihirika kuwa wakulima walikuwa wameuziwa mbolea isiyokuwa mbolea katika mpango wa serikali wenyewe wa bei nafuu.

Fikirini madhara yake. Mkulima aliyedanganywa mara moja hatanunua tena. Jirani yake aliyeona hatanunua kabisa. Muuzaji mkweli, ambaye mbegu yake ni ghali kwa sababu ni ya kweli, hukosa wanunuzi na kufunga duka. Mwisho kijiji kizima hurudia mbegu ya babu, na ilimu ya miaka mingi ya kituo cha Kitale yabaki ghalani. Atakayekuja kupima mavuno ya nchi atasema wakulima hawa hawataki maendeleo. Kumbe wametumia akili zao vizuri sana, na aliyewarudisha nyuma ni mwizi mmoja mwenye mfuko wa rangi. Hivyo nchi hufukarika bila ya vita wala ukame.

Naye Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta rutuba. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kuwa ni mvua iliyoinyea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akajitenga na kila mwenye ghushi. Mtu hudhani ni jambo dogo, rutuba katika nafaka. Mahindi ya kuwekwa ghalani yatakiwa yasizidi asilimia 13.5 ya maji. Yakizidi huingia kuvu, na kuvu hutoa sumu. Mwaka 2004 katika nchi ya Ukambani mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mkono ule wa Mtume uliotiwa katika chungu ulikuwa ni mkono wa kuwahifadhi watu.

Na wasemao kuwa dawa ni viwanda tu, na waende Webuye, katika Bungoma hiyo hiyo. Hapo katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda kikubwa cha karatasi, na mji ukasimama juu yake. Mwaka 2009 kilifungwa kwa kulemewa na madeni, na ijapokuwa baadaye kilipata mwenye kukinunua, mji ulikuwa umekwisha kunyauka. Chuma peke yake si utajiri.

Sasa litufikie sisi wenyewe, watu wa miji ya Pwani. Mkulima Muislamu wa Bungoma, naye yuko, ikifika Machi mvua za kupandia zikiingia, hana fedha. Mikopo mingi ya mbegu na mbolea ina ziada, naye aogopa riba, na haki yake kuiogopa. Basi hupanda alichonacho, bila ya mbolea, au huuza mavuno kwa dalali yangali machanga kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo huku kwetu fedha zimelala katika masanduku na katika dhahabu, au zateketea katika arusi za siku saba. Na sheria yetu ina mlango wa kuwakutanisha watu hawa wawili, nao ni bei ya salamu. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana mbele kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, hakuwakataza, bali aliwashurutisha kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii masharti yake ni haya. Fedha zote zilipwe katika kikao kile kile cha mapatano. Zikibaki deni, bei ni batili. Mahindi yaelezwe aina yake, ukavu wake na uzito wake kwa kilo, si kwa gorogoro wala kwa gunia, maana gorogoro hubonyezwa na gunia huvutwa. Siku ya kukabidhi na mahali pake pasemwe. Wala haifai kusema "mahindi ya shamba la fulani," kwani shamba moja laweza kuharibika lote. Lakini kusema "mahindi ya Trans Nzoia" yafaa, kwa kuwa nchi kubwa haikosi kitu kizima. Ikiwa muda umefika na mahindi hayapatikani, mnunuzi ana hiari mbili: asubiri mpaka yapatikane, au avunje mapatano na kurudishiwa fedha zake kama alivyozitoa, bila ya kuongezewa hata senti moja.